Pepo, Kiti na Mgahawa wa Tambi: Kisa cha Kikundi Kilichotazama Tamthilia ya Mashujaa wa Kikorea

## Usuli

Kisa hiki ni cha watu tisa waliokutana Jumamosi nane mfululizo katika nyumba moja ya mji wa pwani ya Tanzania, wakatazama tamthilia moja ya Kikorea yenye sehemu 16 tangu mwanzo hadi mwisho, na kila wiki wakajaribu kujibu swali lilelile: ni kitu gani hasa kinachomfanya mtazamaji arudi wiki inayofuata? Majina ya washiriki, mtaa na mwaka vimeondolewa, na mambo mawili matatu ya kifamilia yamebadilishwa ili wahusika wasitambulike. Mpangilio wa matukio haukuguswa. Mimi ndiye niliyekuwa mwongozaji wa kikundi, kwa hiyo sehemu ya makosa yatakayoelezwa hapa ni yangu.

Kikundi kilikuwa na wanafunzi sita wa kidato cha pili na cha tatu waliokuwa likizo, mama mwenye nyumba, mama yake mzazi ambaye sote tulimwita Bibi, na mimi. Chanzo chake kilikuwa malalamiko ya kawaida ya wazazi, kwamba watoto wanakesha mbele ya skrini, lakini ukimwuliza mmoja wao alichokiona anakujibu "ilikuwa kali" na mazungumzo yameishia hapo. Tulikubaliana kwamba wataruhusiwa kutazama, ila kila mmoja ataandika nusu ukurasa wa uhakiki kwa Kiswahili kabla ya kurudi Jumamosi inayofuata. Bibi hakuandika, alisema, na mjukuu wake akamwandikia.

Wanafunzi wenyewe ndio waliochagua tamthilia, baada ya ubishi wa siku mbili. Walitaka mashujaa wenye nguvu, lakini walishachoka na mashujaa wa Kimarekani ambao kila filamu inakulazimu kuwa umeona nyingine kumi kabla yake. Walitaka hadithi inayoanza na kwisha. Wakaafikiana juu ya The Uncanny Counter.

## Tamthilia yenyewe kwa ufupi

Msomaji ambaye hajaiona anahitaji kujua machache. Ilirushwa nchini Korea Kusini na OCN, chaneli ya kulipia iliyojijengea jina kwa tamthilia za uhalifu, kuanzia tarehe 28 Novemba 2020 hadi tarehe 24 Januari 2021, usiku wa Jumamosi na Jumapili, na nje ya Korea ikapatikana kupitia Netflix. Chimbuko lake ni katuni ya mtandaoni iliyoandikwa na Jang Yi, ile aina ambayo Wakorea huisoma kwenye simu kwa kuteremsha kidole kutoka juu kwenda chini. Mwongozaji wa tamthilia ni Yoo Sun-dong. Kwa vipimo vya Nielsen Korea, kampuni inayopima idadi ya watazamaji, sehemu ya kwanza haikufika asilimia 3 ya kaya, ya mwisho ikakaribia asilimia 11, na kabla yake hakuna tamthilia ya chaneli hiyo iliyokuwa imewahi kuvuka asilimia 10.

Shujaa wake ni mwanafunzi wa sekondari anayeitwa So Mun, aliyeigizwa na Jo Byeong-gyu. Wazazi wake waliuawa katika ajali ya gari miaka saba kabla ya hadithi kuanza, naye akabaki na mguu mbovu na kulelewa na babu na bibi. Usiku mmoja roho ya mfu kutoka Yung, yaani mpaka kati ya walio hai na waliokufa, inamwingia ikikimbia mwili wa mtu aliyekuwa anakata roho. Kuanzia hapo So Mun anakuwa Kaunta, mmoja wa watu wachache wanaowawinda pepo wabaya waliotoroka kutoka kwa wafu na kujificha ndani ya miili ya watu. Wenzake watatu ni Ga Mo-tak, aliyekuwa mpelelezi wa polisi na aliyepoteza kumbukumbu zake. Do Ha-na, msichana anayehisi pepo kwa mbali na kusoma kumbukumbu za mtu kwa kumgusa. Na Chu Mae-ok, mwanamke wa makamo anayeponya majeraha. Mchana wote wanauza supu ya tambi katika mgahawa mdogo. Wakienda kupigana huvaa traksuti nyekundu.

Jina la shujaa lina mchezo ndani yake. Somun kwa Kikorea ni uvumi, na jina la Kikorea la tamthilia linaweza kusomeka "So Mun wa ajabu" au "uvumi wa ajabu", lolote utakalo. Tafsiri ya Kiingereza iliutupa mchezo huo wote, na pengine haikuwa na namna ya kuuokoa.

## Jumamosi mbili za kwanza: lugha

Tatizo la kwanza lilikuwa maandishi ya Kiingereza yanayopita chini ya skrini. Wanafunzi wanne waliyafuata kwa taabu, na Bibi hakuyafuata kabisa. Mmoja wa vijana alijitolea kusimulia kwa Kiswahili, na alilijua jambo hilo vizuri, kwa kuwa alikua akiwasikiliza wasimulizi wa filamu zilizotafsiriwa katika vibanda umiza. Nilikubali bila kufikiri.

Dakika za mwanzo zilikwenda vizuri mno. So Mun alipoamka asubuhi na kukuta nywele zake zilizonyooka zimejisokota zote kichwani, msimulizi wetu alitangaza, "Steringi kaamka na kalikiti!" na nyumba nzima ikaangua kicheko. Lakini mtindo wa kibanda hauna breki. Tuliporudi nyuma kuangalia upya tukio la mwanzoni la yule Kaunta anayeuawa na pepo, kwa ajili ya waliochelewa, msimulizi aliendelea kumtania mtu huyo hata akiwa anavuta pumzi za mwisho. Bibi akasema kwa sauti ya chini, "Mwanangu, nyamaza kidogo. Mtu anakufa."

Baada ya hapo tuliweka masharti. Msimulizi atasema kile tu kinachosemwa kwenye skrini. Pale ambapo hakuna anayesema, naye atanyamaza. Wasimulizi watakuwa wawili na watapokezana, kwa sababu sehemu moja huchukua takriban saa nzima na koo la mtu lina kikomo. Utani uliruhusiwa kwenye mapumziko, na haukupungua.

Jumamosi ya pili ilituletea jambo zito zaidi, nalo lilianza kama suala la neno moja tu. Kikorea kinasema akgwi, na maandishi ya Kiingereza yalisema roho mbaya. Je, sisi tuseme nini? Mmoja alipendekeza shetani, mwingine jini, mwingine mzimu. Bibi aliyakataa yote matatu, na kila moja kwa sababu yake. Shetani ni mmoja na kazi yake inajulikana. Majini wana dini zao na koo zao, na wengine hawana neno na mtu. Mzimu una mahali pake, na anayeutaka huufuata hukohuko. Kinachompanda mtu kichwani na kusema kwa kinywa chake ni pepo, na yule aliyepandwa huitwa kiti. Tukachukua maneno hayo mawili: pepo na kiti.

Neno Kaunta tuliliacha kama lilivyo, kwa vile kila mtu alilijua na lilichekesha kidogo. Kaunta kwetu ni pale unapolipia, na hawa ni watu wa mgahawa. Majina ya heshima yalikuwa na faida tusiyoitarajia. Maandishi ya Kiingereza humfanya kila mhusika amwite mwenzake kwa jina, ilhali masikio yetu yalisikia mengine: So Mun anamwita Ha-na "nuna", yaani dada mkubwa, na Chu Mae-ok anaitwa na wenzake "Chu yeosa", jina la heshima kwa mwanamke mtu mzima. Wasimulizi wakarudisha yote: Dada Ha-na, Mama Chu. Hata jina la mgahawa, Eonni-ne Guksu, likawa "Tambi za Kwa Dada". Ghafla wahusika wale walisikika kama watu wanaoishi nyumba moja.

## Jumamosi ya tatu na ya nne: malalamiko, na uamuzi mbaya

Mzazi mmoja alituma ujumbe kwamba hataki mwanawe aendelee na "mambo ya mashetani". Tulikuwa na njia mbili: kumruhusu mtoto aondoke, au kumwomba mzazi aje aone. Mama mwenye nyumba alipendelea ya pili, akampigia simu mwenyewe, akamwamkia na kumwalika chai. Mzazi alikuja, akakaa kwenye mkeka nyuma ya wote, akatazama sehemu mbili kamili bila kutia neno. Mwisho akasema pepo hawamsumbui, kwa maana wanashindwa. Kinachomsumbua ni wale wanafunzi wa shuleni wanaowapiga na kuwadhalilisha So Mun na rafiki zake. Alikuwa na sababu zake, na hatukuziuliza.

Kwa kumheshimu, niliamua kwamba tutayaruka matukio ya uonevu wa shuleni. Nilidhani ni mambo ya pembeni, na kwamba hadithi kuu ni vita na pepo.

Uamuzi huo ulituponza haraka. Makaunta wana masharti: nguvu zao ni kwa ajili ya pepo, hazitumiki kumalizia ugomvi wa mtu binafsi. So Mun anapozitumia dhidi ya wale waonevu, mtazamaji aliyeyaona mateso yao anashangilia na kuogopa kwa wakati mmoja, kwa kuwa anajua kijana ana haki na anajua pia amevunja sharti. Wanafunzi wetu hawakuona mateso. Waliona kijana mwenye nguvu akiwapiga watu wasio na nguvu, na watatu kati yao waliandika wiki hiyo kwamba steringi "ameanza kujisikia". Hawakukosea, waliandika juu ya kile nilichowaonyesha.

Tulirudi nyuma Jumamosi iliyofuata na kuyatazama matukio hayo, baada ya yule mzazi kuelezwa sababu na kuridhia. Nusu ya saa ilipotea, lakini kikundi kiliirudia hadithi.

Katika wiki hizohizo lilitokea jambo la pili, na hili najilaumu zaidi. Mmoja wa wanafunzi hutembea kwa gongo tangu alipogongwa na bodaboda. Baada ya wiki ya kwanza, wenzake walipokuwa wamejaza karatasi kwa habari za ngumi na nywele, yeye aliandika mistari mitatu. Mmoja ulisema: "Mguu ukipona mapema hivi, basi hawakumhitaji yeye, walihitaji mguu." Nilivutiwa sana na sentensi hiyo, nikamwomba ruhusa niisome mbele ya wote bila kutaja jina, naye akakubali. Nilisahau kwamba katika chumba chenye gongo moja hakuna haja ya kutaja jina. Wote waligeuka kumtazama. Wiki mbili zilizofuata aliandika muhtasari mkavu, mtu huyu alifanya hiki, kisha kile, bila neno lolote lake mwenyewe.

## Jumamosi ya tano hadi ya nane

Kilichomrudisha kilikuwa tamthilia, si mimi. Karibu na katikati ya hadithi So Mun anavuliwa uwezo wa Kaunta, na mguu unarudi ulivyokuwa. Anachechemea tena. Hana nguvu tena, na bado hawezi kuwaacha wenzake wala kuiacha habari ya wazazi wake. Karatasi ya mwanafunzi yule wiki hiyo ilijaa ukurasa mzima na kugeuzwa nyuma. Aliandika kwamba hapa ndipo alipoanza kumwamini So Mun, na kwamba waandishi wangekuwa na ujasiri wangemwacha hivyohivyo mpaka mwisho. Safari hii sikuisoma mbele ya mtu yeyote.

Jumamosi ya sita ilikuwa bora kuliko zote na sina mengi ya kusema juu yake. Hakuna aliyetoka nje, hata msimulizi wa zamu alisahau kupokezana.

Jumamosi ya saba, yaani sehemu ya 13 na ya 14, mambo yalilegea. Simu mbili zilichomoza. Bibi alilala, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Pepo mkuu alikuwa amehama kiti chake cha awali na kumpanda mtu mwingine, mwenye madaraka, na wanafunzi walilalamika kwamba adui waliyemzoea ameondolewa na badala yake ameletwa bwana mkubwa wa kawaida anayepiga kelele. Mmoja aliandika: "Wameanza kueleza." Mwingine: "Siku hizi hawali."

Niliwaambia baada tu ya kukusanya karatasi kwamba mwandishi aliyeanza na tamthilia hii, Yeo Ji-na, aliondoka baada ya sehemu ya 12 kwa kutokubaliana juu ya mwelekeo wa sehemu zilizobaki. Kwamba sehemu ya 13 iliandikwa na mwongozaji wa tamthilia mwenyewe, Yoo Sun-dong. Na kwamba zilizosalia alizimalizia mwandishi mwingine, Kim Sae-bom. Uamuzi wa kuificha habari hiyo hadi wamalize kuandika ulikuwa wa makusudi. Ningewaambia mapema, kila mmoja angeona ufa hata pale ambapo haupo.

Jumamosi ya nane tulimaliza. So Mun anakutana na wazazi wake huko Yung, baada ya roho zao kukombolewa kutoka kwa pepo aliyekuwa amezimeza. Chumba kilikuwa kimya. Bibi alisema, "Sasa amewazika."

## Matokeo

Wanane kati ya tisa walifika mwisho. Aliyeacha ni mwanafunzi mmoja aliyesema waziwazi, tangu wiki ya tano, kwamba anapenda mapigano na humu kuna maongezi mengi; tulimshukuru kwa ukweli wake. Yule mzazi aliyelalamika alikuja mara mbili zaidi bila kualikwa. Karatasi za uhakiki zilirefuka, ingawa tahajia za baadhi yao bado ni kilio.

Majibu ya swali letu yalibadilika njiani. Wiki ya kwanza karibu wote waliandika kwamba tamthilia inavuta kwa sababu ya nguvu, yaani mbio, ngumi na kuruka. Wiki ya nane ni mmoja tu aliyetaja nguvu kwanza. Wengine walitaja mgahawa, ule wakati wa kula baada ya kazi, traksuti, Mama Chu, na mmoja akataja "namna wanavyogombana bila kuachana".

## Uchambuzi

Nianze na mgahawa, kwa kuwa ndio uliotajwa zaidi na ndio ambao mtazamaji wa haraka huupita. Shujaa wa kawaida wa filamu ana siri, na siri hiyo humtenga. Anarudi nyumbani peke yake, anavua vazi lake peke yake, anafunga jeraha lake peke yake. Makaunta wana siri pia, lakini siri yao ina jiko. Kuna wateja wa mchana, kuna sufuria la supu, kuna zamu ya kuosha vyombo. Pepo akihisiwa wakati wa kazi, kwanza wateja waondoke, mlango ufungwe, ndipo vita. Mtazamaji anajua hata kabla ya pambano kwamba wakirudi salama watakula. Hofu inakuwa na mahali pa kurudi. Ndiyo maana lile lalamiko la "siku hizi hawali" lina uzito kuliko linavyoonekana: lilimaanisha kwamba hadithi ilikuwa imeacha kuwarudisha watu wake nyumbani, ikabaki kuwasukuma kutoka pambano hadi pambano. Mwanafunzi aliyeandika maneno hayo hakujua kama mwandishi alibadilika. Alisikia njaa tu.

Hapa ni lazima nijizuie. Ni rahisi kusema kwamba sehemu za mwisho zilidhoofika kwa kuwa mwandishi aliondoka, na hapo tumemaliza. Lakini watazamaji wa Korea hawakukimbia. Sehemu ya mwisho ndiyo iliyotazamwa kuliko zote. Inawezekana walibaki kwa ajili ya watu walioishi nao kwa wiki nyingi, hata chakula kilipopungua chumvi. Kikundi cha watu tisa hakiwezi kuamua jambo hilo, na sikuruhusu karatasi zetu zidai kwamba limeamuliwa.

La pili ni neno kiti, nalo ndilo funzo kubwa zaidi nililolipata mwenyewe. Tulilichagua kwa ajili ya wale waliopandwa na pepo wabaya. Wiki ya tatu mwanafunzi mmoja aliuliza: kama aliyepandwa ni kiti, So Mun je? Naye ana mfu ndani yake. Wi-gen, roho iliyomwingia, ilimkalia bila hodi. Mama Chu amekaliwa na roho ya mwanawe aliyekufa. Mo-tak na Ha-na vivyo hivyo. Waliingiwa wakiwa katika usingizi wa mauti, wakarudi duniani kwa sharti la kufanya kazi. Kwa maana hiyo mashujaa na maadui ni viti vyote, na tofauti iko kwa aliyekaa na masharti aliyokuja nayo. Pepo wabaya wa tamthilia hii huwachagua watu ambao tayari moyoni wana kiu ya kuua. Kiti anakuwa ameshafungua mlango. Kaunta naye hupewa nguvu zisizo zake, anaweza kunyang'anywa, na anakatazwa kuzitumia kwa faida yake. Kiingereza kinawaita hawa kwa jina moja na wale kwa jina jingine, kwa hiyo ukifuata maandishi ya chini ya skrini muundo huo unaweza kukupita. Neno letu la pwani lilituonyesha bila kukusudia.

Bibi aliongeza tofauti ambayo sikuwa nimeiwaza. Kwetu pepo hupungwa: anaulizwa jina, anaulizwa anataka nini, ngoma inapigwa, chano kinatandikwa, na mara nyingi yanafikiwa maafikiano. Kule anapigwa ngumi hadi atoke. "Hawana subira," alisema. Inafaa kueleza kwamba Wakorea wenyewe wana mila iliyo karibu na yetu kuliko tamthilia inavyoonyesha. Mudang, mganga wao, huendesha sherehe iitwayo gut yenye ngoma, nguo za rangi na vyakula vilivyopangwa mbele ya mizimu, na huko pia watu husikilizana. Watunzi waliacha hilo wakachagua ngumi, na kwa tamthilia ya mashujaa ninawaelewa. Ngoma ya usiku mzima haikatwi vipande vya saa moja moja.

La tatu ni umri. Katika hadithi nyingi za aina hii mwanamke wa makamo ni mama wa shujaa, na kazi yake ni kulia au kufa. Yeom Hye-ran, aliyemwigiza Chu Mae-ok, anapika, anakaripia, anaponya, na anapigana, na uponyaji wake humla nguvu zake mwenyewe. Mama mwenye nyumba aliniambia pembeni kwamba alirudi kila wiki kwa ajili yake tu. Wanafunzi hawakulitaja sana jambo hili, nami nilikosea kutowauliza wanawake wawili watu wazima mapema zaidi. Nilikuwa nimewachukulia kama wenyeji wa chai.

Kuhusu mguu, sitaki kulilainisha. Tamthilia inaanza kwa kuponya ulemavu kana kwamba kupona ndiyo tiketi ya kuingia katika ushujaa, na hoja ya mwanafunzi wetu inabaki imesimama. Kinachoiokoa kwa kiasi ni kwamba mguu nao ni wa kuazima. Unaweza kurudi ulivyokuwa, na unaporudi hadithi haimwachi kijana pembeni. Lakini mwishoni anatembea bila taabu, na yule aliyetaka abaki na mguu wake hakupewa alichotaka.

Katika uendeshaji, kusimulia kwa Kiswahili kulifaa pale tu msimulizi alipowekewa mipaka, na kurudisha majina ya heshima kulikuwa na faida kuliko nilivyokadiria. Kumwalika mzazi kulikuwa sahihi. Kuruka matukio kwa sababu yake hakukuwa sahihi, kwa kuwa nilikata sababu nikaacha matokeo. Ningeweza kumwambia tu kwamba matukio hayo yapo, yana kazi gani, na mwanawe atoke nje yakifika ikiwa anataka. Kusoma ile karatasi kulikuwa kosa ambalo ruhusa haikulifuta. Sasa, kabla ya kusoma kazi ya mwanafunzi mbele ya wenzake, hujiuliza kwanza kama waliomo chumbani wataweza kumtambua mwandishi kwa maneno yenyewe, na mara nyingi jibu ni ndiyo.

Msimu wa pili ulirushwa na chaneli nyingine ya Korea, tvN, kati ya Julai na Septemba 2023, ukiwa na sehemu 12. Wanafunzi wanaudai kwa likizo ya Desemba. Nimewaambia kwamba safari hii Bibi na binti yake wataandika karatasi zao kama wengine, na kwamba wasimulizi watakuwa watatu.